Kifaranga wa Zambarau

Mwewe wa Idara alipita juu ya tembe ya Bibi Sechelela kila asubuhi, na watu walishaacha kumtazama. Alikuwa mwewe wa bati na nyaya, tumbo jeupe, panga nne kichwani zinazovuma kama mama mkwe anayelalamika chumba cha pili. Hupita, huhesabu kila chenye manyoya, huenda zake. Asubuhi hiyo alipita, akarudi kinyumenyume, akaganda hewani juu ya ua na kuanza kupepesa taa yake ya njano.

Bibi Sechelela alikuwa amechuchumaa na ungo, anapepeta uwele. Akainua uso.

"Una nini wewe, umesahau njia ya kwenu?"

Mwewe alikuwa anatazama paa. Pale juu ya udongo, kati ya sahani ya kunasa jua na pilipili zilizoanikwa, alisimama ndege mdogo wa zambarau, zambarau iliyoiva kama joho la askofu, anajikuna shingo kwa ukucha bila haraka yoyote.

Upande wa pili wa uzio wa minyaa kikachomoza kichwa cha Lameki, mdogo wa marehemu mume wake, mwenye shamba la mtama lililoanzia pale ua wa bibi ulipoishia.

"Shemeji," akasema Lameki, "umeanza lini kufuga maaskofu?"

"Tangu wachungaji waliponishinda."

Mwewe akakwaruza koo, kama wafanyavyo wote kabla ya kusema, kisha ikatoka ile sauti ya kike, tamu, isiyo na mtu ndani. "Ndege asiyejulikana. Ndege asiyejulikana. Asiguswe, asifukuzwe. Anga ya kijiji hiki imefungwa kwa mwewe wote mpaka mtaalamu afike." Akageuka na kuondoka mbio, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni.

Kabla uwele haujaisha kwenye ungo, kijiji kizima cha Chimelela kilikuwa kimejaa uani.

Aliyezaliwa juzi hawezi kuelewa kwa nini watu wazima walimwogopa mwewe wa bati na bado wakamshukuru. Zamani kulikuwa na kwelea. Ndege mmoja wa kwelea ni kitu cha kutia mfukoni, lakini hakuwahi kuja mmoja. Walikuja kama wingu lenye njaa, wakatua asubuhi, na jua likifika utosini shamba limebaki mabua. Idara ikatafuta dawa. Ikapika madume kwenye vioo, yenye kasoro moja ya makusudi ndani ya mbegu yao: kila yai walilolirutubisha lilitoka dume, na dume huyo naye akazaa madume. Misimu ikapita, kwelea wakawa kijiji cha wanaume watupu. Wananenepa, wanagombana, wanazeeka, hakuna wa kuatamia. Mashamba yakanyamaza. Ndiyo maana watu waliiita Idara ya Kimya. Jina lake halisi lilikuwa refu mno kulitamka ukiwa na njaa.

Mwewe ndiye aliyelinda kimya hicho. Akimwona kwelea dume, hupita, maana dume peke yake anakula punje zake na kungoja kifo. Akimwona jike, hiyo ni habari nyingine. Jike maana yake mahali fulani upo ukoo ambao kasoro haijaufikia, na hapo linapigwa Duara. Kila chenye manyoya ndani ya Duara, kuku, kanga, njiwa, hata bata wa mchungaji, huvutishwa moshi wa usingizi usio na kuamka. Vijiji viwili huko Kusini vilishapigwa Duara, na waliotoka huko walisema kitu kibaya kilikuwa asubuhi ya kesho yake, jogoo wasipowika.

Lakini akimwona ndege asiyejulikana, hagusi. Hurudi nyuma na kuwaita wenye elimu. Hiyo haikuwahi kutokea Chimelela, na ndiyo sababu watu walikuwa wanacheka uani kwa bibi huku wakitazama anga tupu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuna aliyekuwa anawahesabia kuku wao.

"Mungu ametukumbuka," akasema Lameki, ambaye huwa hamsumbui Mungu ovyo.

*

Watu walipoondoka, Bibi Sechelela akawamwagia vifaranga chenga. Wakaja mbio, mipira ya zambarau yenye miguu, na mama yao nyuma, kuku mwenye madoa kama ya kanga. Mbegu ya kuku huyo bibi alikuja nayo siku alipoolewa, kwapani, na mabibi harusi wenzake walimcheka. Mume alikuwa amekwenda, watoto walikuwa mijini, lakini madoa yale yalikuwa bado yanatembea uani.

Rangi ilikuwa ya mama yake mzazi. Wanawake wa Chimelela walipaka vifaranga rangi ya kutilia ukindu wa mikeka tangu enzi za mwewe wa nyama, maana mwewe hapendi kula kitu asichokielewa. Walipokuja mwewe wa bati, macho yao mwanzoni yalikuwa mabovu, wakawa wananyakua vifaranga wakidhani ni kwelea. Wanawake wakarudi kwenye karai. Baadaye Idara ikawafundisha mwewe wake kwamba kitu cha zambarau kinachotembea nyuma ya kuku ni kifaranga, kiachwe. Macho yakarekebishwa, ila kupaka hakukuachwa. Mazoea yana raha yake.

Bibi akawatazama wanavyodonoa. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu, la kulia lilikuwa na uvivu, lakini masikio yalikuwa mazima. Na masikio yakamwambia kuna sauti moja imepungua.

Kutoka paani ndege akashuka. Akatua katikati ya vifaranga kama mtu anayerudi mezani kwake, akasema "chii" kama wao, akaanza kula. Kuku mwenye madoa hakushtuka. Akamsogezea punje.

Bibi akakaa chini taratibu. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kidonda kidogo, kibichi. Akakumbuka. Juzi jioni, giza linaanza kuingia, alikuwa anawatoa vifaranga kwenye tenga mmoja mmoja na kuwachovya karaini. Mmoja alikuwa mwepesi kuliko wenzake na akamng'ata kidole kwa nguvu isiyo ya kitoto. Alimwambia, "Wewe utakuwa jogoo," akamchovya kichwa na vyote, akamrudisha tengani.

"Ewe Sechelela," akajinong'oneza, "umempaka rangi ndege wa watu."

Kisha likaja wazo la pili, na hilo halikuwa la kuchekesha. Ndege gani mdogo hula chenga za uwele, ana mdomo mnene, na hawezi kukaa peke yake hata kwa kulala? Alimjua mmoja tu.

Hakumwambia mtu. Kunyamaza, alijiambia, hakujawa kosa bado. Ni kupumzisha mdomo.

*

Mtaalamu alifika kesho yake kwa pikipiki ya umeme, msichana mrefu mwenye kofia pana, na begani sanduku la Idara lenye jicho moja la kioo. Alipomwona bibi mlangoni akavua kofia, akapiga goti kidogo.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Umejifunza wapi salamu zetu?"

"Barabarani. Naitwa Nyamizi. Kwetu Urambo."

Uso wa bibi ukafunguka. "Mnyamwezi. Mtani wangu kabisa. Na ule mzigo niliombebesha babu yako akiwa hai, umeufikisha?"

"Nilimwachia Mgogo mmoja njiani, bibi. Aliniomba hata kabla sijamsalimia."

Wakacheka wote wawili, na ikawa kama wamejuana miaka. Bibi akamletea kigoda, akamletea togwa, akaendelea kumtania kwa bidii kubwa, maana mdomo uliojaa utani hauna nafasi ya kutoa kitu kingine.

Sanduku lilimtazama ndege kutwa nzima. Nyamizi alieleza kwamba ndani yake kuna kumbukumbu ya kila ndege aliyewahi kupigwa picha nchini, umbo, mwendo, sauti. Linatazama rangi kwanza, kwa sababu ndege wenyewe hutambuana kwa rangi kwanza. Na rangi hii haikuwamo. Sauti nayo ilikuwa ya kifaranga cha kuku, na hilo lilizidi kulivuruga sanduku, likawa linawaka na kuzima kama mtu anayekunja uso.

"Bibi, wewe unadhani ni ndege gani?"

"Huyo? Ni marehemu mume wangu, Nehemia. Alipenda zambarau, na alipenda kukaa juu akitazama wengine wanafanya kazi."

Nyamizi alicheka mpaka togwa ikamwagika. Halafu akatulia, akasema kwa sauti nyingine, "Unajua, bibi, tangu nianze kazi hii nimeandikisha madume wazee tu. Wanaopungua. Sijawahi kuongeza ndege hata mmoja. Huyu akithibitika ni mpya, anga hii haitafunguliwa tena kwa mwewe. Itakuwa hifadhi. Na atapewa jina lako."

"Langu?"

"Sechelela. Watoto watalisoma shuleni."

Bibi aliishia darasa la nne, na mwalimu alimwambia jina lake halitasomwa popote ila kwenye orodha ya watoro. Kwa hiyo alilala na furaha, na furaha ile ikamkaa vibaya, kama mlenda uliochacha.

*

Asubuhi ndege alivuka uzio wa minyaa. Bibi alikuwa anamwangalia. Lameki pia alikuwepo, mikono nyuma, amevaa koti la kanisani siku ya kazi.

Ndege akatua kwenye suke la mtama. Hakukaa juu yake. Aliushika ubua ubavuni, akainamisha kichwa, akavuta punje, akaizungusha mdomoni mara moja, ganda likaanguka. Akavuta nyingine.

"Mwache ale," akasema Lameki. "Ni mgeni wa heshima. Shemeji, mbona umesawajika?"

Kimawazo bibi alikuwa amerudi utotoni, kwenye dungu la baba yake, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, yeye na kombeo lake na mabonge ya udongo mkavu. Kazi ya watoto ilikuwa kuamia ndege, kupiga kelele kutoka alfajiri mpaka sauti iishe. Siku moja walikuja wengi kuliko sauti. Walipoinuka, mtama ulikuwa umesimama mabua matupu. Watoto wote walishuka. Baba hakushuka. Alibaki juu ya dungu akipigia kelele shamba ambalo halikuwa na kitu, haaya, haaya, mpaka jioni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mwaka ule walikula mizizi.

Akamtazama Lameki na koti lake, na mtama wake mwekundu uliokaribia kuvunwa. Akawatazama kuku wenye madoa wanaochakura chini ya uzio. Akinyamaza, kuku wataishi, na jina lake litasomwa. Na kama yule ni jike, basi mahali fulani kwenye vichaka wapo wenzake, na ndani ya misimu michache kuna mtoto atakayesimama juu ya dungu.

"Lameki," akasema, "kavue hilo koti. Tuna kazi."

*

Alimwambia Nyamizi waziwazi, amesimama, mikono imeshikana mbele kama mtu aliye barazani kwa mwenyekiti. "Mjukuu wangu, huyo ndege nilimpaka rangi mwenyewe. Alikuwa tengani na vifaranga, macho yangu hayakumwona, nikamchovya. Nadhani ni kwelea."

Nyamizi alimtazama, midomo ikaanza kutetemeka, akaangua kicheko. "Bibi, jana alikuwa mumeo, leo ni kuku wako. Kesho atakuwa mkwe wangu."

"Sitanii."

"Hivyo ndivyo alivyosema bibi yangu mwenyewe, kisha akanilisha pilipili."

Bibi alijaribu tena, na kadiri alivyoukaza uso ndivyo msichana alivyozidi kucheka. Utani wa miaka yote ulikuwa umemziba njia. Mwisho akasema, "Basi subiri jioni uone analala wapi."

Jioni jua lilipoanza kulala, kuku mwenye madoa aliita. Vifaranga wakaingia tengani. Na kutoka paani akashuka ndege asiyejulikana, akapanga mstari nyuma ya wa mwisho, akaingia naye, akajisukuma chini ya bawa la mama.

Nyamizi hakucheka. Sanduku lake likawaka, likazima.

"Haruhusiwi kuguswa," akasema polepole.

"Wewe usimguse. Mimi namwogesha kifaranga wangu."

Bibi akaingiza mkono, akang'atwa palepale pa mwanzo, akamtoa. Lameki alishika karai la maji ya uvuguvugu, bibi akasugua kwa kipande cha sabuni ya mche, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga masikio. Maji yakageuka zambarau. Bawa moja likatoka, kahawia lenye michirizi, kama majani makavu. Kisha kichwa. Kisha mdomo, mnene na mwekundu. Bawa la pili liligoma. Rangi ilikuwa imeingia sana.

Jicho la sanduku likatulia mara moja. "Kwelea," likasema. "Jinsia haijulikani."

"Jike na dume, nje ya msimu wa kuzaa, ni sare moja," akasema Nyamizi. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kofia mapajani. "Hatujui mpaka unyoya usomwe. Nikiuweka ndani, majibu yanakwenda Idara yenyewe, sina uwezo wa kuyazuia. Na kama ni jike, mwewe watafika kabla ya jua kuchomoza."

Ndani ya tenga kuku mwenye madoa alikuwa anauliza kifaranga chake kiko wapi.

Lameki akashusha karai. "Mnanitia wazimu nyie. Mnyonge shingo, mtie mchuzini. Sisi watatu tutasema aliruka akaenda zake. Sanduku limesema kwelea, halikusema zaidi. Na kuku wote wa kijiji hiki wanaamka kesho."

"Inawezekana," akasema Nyamizi, bila kumtazama mtu. "Naweza kuandika hivyo. Bibi, niambie tu. Nitaandika."

Bibi Sechelela alikuwa amemfunga ndege ndani ya kitenge, kichwa tu nje. Moyo wake mdogo ulikuwa unapiga kwenye kiganja kama mvua ya kwanza juu ya bati. Alimpenda tayari, na hilo lilimkasirisha.

"Nikimnyonga huyu," akasema, "nitakuwa nimemnyonga mmoja. Kama ni jike, wenzake wako wapi, Lameki? Mnajua baba yangu alishukaje kwenye dungu? Alishushwa. Watu wawili walimshusha." Akavuta pumzi. "Kuku wangu wamekaa na mimi tangu niolewe. Wakifa nitalia, na wewe utalia, na bata wa mchungaji watakufa bila kubatizwa. Lakini hatutaficha njaa ndani ya mchuzi. Weka unyoya."

Lameki akageuka, akatazama mtama wake ukizama gizani. "Weka," akasema naye, kama mtu anayekohoa.

Nyamizi aling'oa unyoya mmoja mdogo wa kifuani, akauingiza kwenye tundu la sanduku. Likaanza kuunguruma.

Bibi hakuweza kukaa. Akabandika ugali. Alisonga ugali ambao hakuna aliyeuomba, akausonga mpaka ukawa mgumu wa kupigia mtu. Lameki alihesabu nyota kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Nyamizi alishika ule mfuko wa kitenge mapajani na kumwimbia ndege kitu cha kwao, kidogo kidogo, puani.

Sanduku likakwaruza koo.

"Kwelea. Dume. Mzee. Kasoro ipo. Aachwe."

Nyamizi akainamisha kichwa juu ya magoti, mabega yakaanza kuruka, na bibi hakujua kama analia au anacheka mpaka alipomsikia mwenyewe. Vyote viwili. Lameki alikaa chini kwa kishindo, akajikuta amekalia karai, na alipoinuka kaptura yake ilikuwa na duara la zambarau ambalo lingebaki pale mpaka siku ya kuzikwa kwake.

"Mzee," akasema bibi. Alikuwa ameshika mwiko hewani. "Mzee mzima, anajifanya kifaranga. Anajipendekeza kwa kuku wangu. Nilisema mimi. Nilisema ni Nehemia."

"Ni kwa sababu ya kulala," akasema Nyamizi, anafuta macho. "Kwelea hawezi kulala peke yake. Hajaumbwa hivyo. Wenzake wameisha, akatafuta kundi lolote lenye joto."

Bibi akachukua kitenge mapajani mwake, akakifungua, akamwingiza ndege tengani. Kuku mwenye madoa akamkagua, nusu kahawia nusu zambarau, akamdonoa kidogo utosini kwa kuchelewa, akainua bawa.

"Samahani, mjukuu wangu," bibi akasema. "Nimekunyang'anya ndege mpya. Na jina."

"Ulinipa wa zamani, bibi, aliye hai." Nyamizi akauvuta ugali ule mgumu, akakata tonge kwa shida. "Huu nao nitauandikisha. Haujulikani kabisa."

*

Tatizo likabaki kwa Lameki. Alishakwenda kanisani, na mchungaji alishamshukuru Mungu kwa ndege mpya mbele ya watu wote. Siku tatu alijificha. Ya nne akajitokeza kwenye uzio na kaptura yake yenye duara, amekunja uso kama hakimu.

"Shemeji, nimefikiri. Kuku ni wako. Ndege analala kwako. Lakini kila asubuhi anakula kwangu, na mwewe hawatamfukuza kwa sababu Idara imesema aachwe. Sasa nani ataamia shamba langu?"

"Ndege mmoja, Lameki."

"Mmoja ni ndege."

Basi Lameki akamjengea bibi dungu. Lilikuwa fupi, kwa ajili ya magoti yake, na Nyamizi, aliyekuwa anarudi Urambo siku hiyo, aliishikilia ngazi bibi akipanda. Watu wa Chimelela wakaja kutazama. Wengi wao hawakuwahi kuona mtu akifanya kazi hiyo. Bibi akakaa, akapanga sketi, akaweka kombeo mapajani ingawa hakuwa na nia ya kulitumia.

Ndege akavuka minyaa na bawa lake moja la kiaskofu. Angani mwewe wa bati alikuwa anapita kwa mara ya kwanza tangu anga ifunguliwe, akaliona bawa la zambarau, akarudi kinyumenyume na kuganda. Taa ya njano ikaanza kupepesa. Nyamizi akatoa kofia, akaufunika mdomo wa sanduku lake kabla halijaanza kukwaruza koo na kumwambia mwewe ni kwelea.

Ndege akaushika ubua ubavuni.

Bibi Sechelela akajaza kifua. Sauti ilitoka mbali, kutoka mahali alipodhani pamezibwa, ikapita juu ya masuke, haaya, haaya, ndefu, na mbwa wa kijiji wakanyanyuka, na watoto waliokuwa pembeni ya shamba wakaanza kuiga. Mtama ulikuwa umesimama, mwekundu, umejaa. Ndege akainuka, akazunguka shamba mara moja, akaja kutua juu ya dungu, kwenye goti la bibi.

"Hapana," akamwambia. "Hivyo sivyo inavyofanywa. Unatakiwa kuogopa."

Ndege akafunga jicho moja. Bibi akampa punje aliyokuwa nayo mkononi, akapiga kelele tena, kwa raha yake tu.